Siku za Ndani Katika Kijiji cha Mistari

Watu wakisimulia ile operesheni ya vijiji wanasimulia malori na nyumba zilizovunjwa. Mimi nasimulia titi langu la kushoto. Anayetaka kucheka acheke, nimeshazoea.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeishia darasa la nne, mke wa mtu, na mimba yangu ya kwanza. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Gehandu, juu ya kilima. Jirani wa karibu ukitaka kumwita, upaaze sauti na usubiri upepo utulie kwanza. Tulikuwa na mahindi, maharage, ng'ombe wachache, na nafasi. Nafasi ndiyo ninayotaka kuisema, maana hakuna aliyejua kwamba ni mali mpaka tuliponyang'anywa.

Kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani. Hatoki nje ya ua mpaka siku zake ziishe, na siku hizo ni nyingi, si wiki moja wala mbili. Jirani hapalii moto nyumbani kwake. Na mtu aliyeingia mlangoni mwake haingii tena nyumba nyingine yenye mifugo au mtoto mchanga mpaka siku zile ziishe, maana wanasema atawapelekea mkosi. Wageni husema ni ushamba. Mimi nasema wazee walikuwa na akili yao. Mwanamke alilala, alilishwa maziwa na siagi, hakuna wa kumwambia nenda kachote maji. Na hakuwa peke yake. Mama yake mzazi aliingia naye ndani, akafungwa naye, akamfundisha kila kitu kuhusu mtoto. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kilimani.

Sasa ikaja operesheni. Sisi tukapakiwa, mama yangu mzazi naye akapakiwa, lakini lori lake likampeleka kijiji kingine, mbele kabisa ya njia ya Masakta. Nilimwona akipanda na kuku wawili mkononi. Nikajiambia atakuja tu siku zangu zikifika. Hakuja. Waliohamishwa wakati ule hawakutoka kijijini bila kibali, na kibali cha kwenda kukaa miezi ndani ya nyumba ya binti yako ungekiandikaje?

Kijiji kipya kilikuwa mistari. Mwenyekiti wetu alipima viwanja kwa kamba, nyumba na nyumba hatua thelathini, zote zinaangalia barabara kama watoto wa shule mstarini. Mume wangu akamfuata na kofia mkononi.

"Ndugu Mwenyekiti, mke wangu yuko karibu. Tunaomba kiwanja cha mwisho, kule pembeni, asisumbue watu na siku zake."

"Ndugu, serikali haipimi viwanja kwa kufuata tumbo la mkeo."

Watu wakacheka. Tukapewa kiwanja cha katikati, kando ya njia ya kwenda bombani, njia inayopitwa na kila mtu mwenye ndoo. Ningemsamehe kama angekuwa mgeni. Hakuwa mgeni. Alikuwa wa kwetu, amezaliwa kwetu, mke wake mwenyewe alikaa ndani siku zake zote kwa watoto wote. Alijua kabisa anachofanya. Ndiyo maana nikimtaja simtaji kwa kosa la kutojua.

Nilijifungua vizuri, mchana, mtoto wa kike. Aliyenizalisha ni mama mkwe. Nyumba ilikuwa bado haijakandikwa, fito tupu, upepo wa mlima wa Hanang unaingia upande huu na kutokea ule. Mume wangu akahamia kwa kaka yake, kama desturi inavyotaka. Tukabaki ndani watatu: mimi, mtoto, na mama mkwe.

Mama mkwe wangu alizaa tisa na matiti yake hayakuwahi kumsumbua hata siku moja, kwa hiyo aliamini kwamba mwanamke anayeumwa titi ana kiburi.

Siku ya tatu maziwa yakaja kwa nguvu. Titi la kushoto likajaa likawa gumu kama kibuyu. Mtoto akishika anateleza, akiteleza analia, akilia nami nalia. Chuchu zikapasuka. Siku ya tano likawa jekundu na la moto, na mimi natetemeka huku nimevaa nguo zote nilizokuwa nazo.

"Mama, linauma."

"Kila mtu linamuuma. Nyamaza, unamtisha mtoto."

Akachukua kitana akanichania titi kutoka juu kwenda chini, eti maziwa yanyooke. Akampaka mtoto siagi mdomoni kwa kidole ili asife njaa. Simsemi vibaya kwa nia. Alikesha nami, akanipikia uji, akafua matambara kwa maji ya baridi ambayo yangemvunja vidole mtu mwingine. Lakini nia haitoi maziwa. Nilipomwomba atafutwe mtu anayejua, alisema anayejua ni yeye.

Nikamwita mume wangu, akasimama nje upande wa pili wa fito. Nikamwambia nenda zahanati, kamwambie nesi titi limevimba, nina homa, mtoto hanyonyi. Maneno matatu. Mtu wa kusoma saa hata kama hajui kusoma kitabu, nilidhani ataweza maneno matatu.

Nesi wa kijiji alikuwa mgeni, ametoka mikoa ya kusini, amepangiwa kwetu. Alivaa sweta juu ya gauni lake la kazi mchana kutwa na alilalamika baridi na ukosefu wa samaki kwa kila aliyemsikiliza. Zahanati ilikuwa chumba kimoja, mzani wa kuning'iniza watoto, na bango la siku ya kliniki. Mazungumzo yao nilisimuliwa baadaye na nesi mwenyewe, na mume wangu hakuyakana.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya nyumba. Amejifungua."

"Sasa mlete. Jumanne ni kliniki, tutampima mtoto."

"Hawezi kutoka."

"Kwani amevunjika miguu?"

"Hapana. Ni siku zake za ndani. Anaumwa."

"Anaumwa wapi?"

"Huko."

"Huko wapi, baba?"

"Huko kwa wanawake."

"Anatoka damu nyingi? Kama ni damu, mbebeni sasa hivi!"

"Si damu."

"Basi ni nini?"

Mwanaume mzima, anayemshika fahali pembe, akashindwa kutamka titi mbele ya mwanamke aliyevaa nguo za kazi. Akasema, "Anaumwa tu." Akapewa aspirini mbili kwenye karatasi, akarudi nazo kama ameshinda vita.

"Amesema nini?" nikamuuliza kupitia fito.

"Amesema Jumanne."

Nilitaka kumtupia jiwe la jikoni. Nilikosa nguvu tu.

Jumanne ilipita. Siku iliyofuata akaja mwenyekiti pamoja na balozi wetu wa nyumba kumi. Hawakuingia, wapi! Walisimama nje ya ua, mwenyekiti akapaza sauti mpaka walioko bombani wakageuka.

"Mama mtoto! Hukuonekana kliniki jana. Kijiji hiki ni cha maendeleo. Wakubwa wa wilaya wanakuja, wataangalia daftari la kliniki. Unatuangusha!"

Mama mkwe akajibu, "Mwenyekiti, wewe mkeo alitoka lini?"

Balozi akakohoa akaangalia viatu vyake. Mwenyekiti akasema mambo ya zamani yasiletwe kwenye mambo ya sasa, wakaondoka. Nikiwa nimelala pale na homa nikafikiri: huyu mtu anataka nini? Nikitoka, majirani watanitenga. Nisipotoka, naandikwa mkaidi. Ametufunga kwenye mistari hatua thelathini, halafu anatuuliza kwa nini hatutembei.

Siku ya tisa mtoto aliacha kulia. Wanaojua wanajua hiyo ni mbaya kuliko kulia. Alikuwa anafungua mdomo na sauti haitoki, ngozi ya utosi imeingia ndani. Mama mkwe akampaka tena siagi, naye akaiacha ikatiririka shavuni. Nikaamka. Nikajifunga kitenge, nikamfunga mtoto kifuani upande wa kulia, maana wa kushoto haukugusika, nikaenda mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Zahanati."

"Hutoki. Ukitoka utaua ng'ombe za watu!"

"Mama, ng'ombe za watu zina miguu, zitakimbia. Huyu hana."

Akanishika kitenge. Nikakivuta. Ni mara ya kwanza na ya mwisho nilimvutia nguo mama mkwe wangu, na wapo mpaka leo wanaonikumbusha.

Nilipita katikati ya mstari ule mchana kweupe. Kutoka kwetu mpaka zahanati zilikuwa nyumba kumi na moja, nilizihesabu kwa sababu kila mlango niliousikia ukifungwa ulikuwa hatua moja kuelekea mbele. Wanawake walivuta watoto wao ndani. Waliokuwa bombani waliacha ndoo zao zikafurika. Mmoja, tuliyecheza naye utotoni kilimani, akanipigia kelele kutoka nyuma ya ua wake:

"Rudi! Una wazimu? Ng'ombe wangu ana ndama wa juzi!"

"Mfunike macho!" nikamjibu.

Nilifika. Nesi alikuwa ameweka kiti kizingitini anaota jua. Akanitazama, akatazama bango.

"Leo Ijumaa, mama. Kliniki ni Jumanne."

Nilifungua kitenge.

Alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. "Mungu wangu. Hili lina siku ngapi? Kwa nini hamkusema?"

"Tulisema!"

"Nani alisema? Aliyekuja alisema anaumwa huko!"

Akaniingiza ndani, akaweka maji motoni. Kazi aliyofanya saa ile naikumbuka kila kitu, kwa sababu ndiyo kazi niliyoililia siku tisa. Kwanza alimchukua mtoto, akamweka kwenye titi la kulia, lakini si kama nilivyokuwa naweka. Alimgeuza tumbo lake liguse tumbo langu. Akasubiri afungue mdomo. "Si chuchu peke yake," akasema, "na weusi wake wote, uingie." Mtoto alikuwa mchovu, akalala. Akamgusa shavu, akamkwaruza nyayo, akakamua tone mdomoni mwake. Mara ya nne au ya tano, mtoto akavuta. Nilisikia mvuto ule mpaka tumboni. Akameza. Sisi wawili tukamsikiliza mtoto anavyomeza.

Ndipo akashika la kushoto kwa kitambaa cha maji ya moto, akalikanda kwa vidole, taratibu. Nililia kama mtoto. Akanichoma sindano. Akasema, "Hili limetunga usaha ndani kabisa, sitaliweza hapa. Kesho basi la Haydom, utakwenda hospitali wakalipasue."

Halafu akaniuliza, "Umelala lini?"

Tangu nijifungue niliulizwa kama mtoto anakua, kama nimekula, kama nimetia aibu kijiji. Kulala hakuna aliyeuliza. Na badala ya kushukuru, nikakasirika. Hasira ya siku tisa ikatoka kwa mtu mmoja.

"Kama unajua yote haya, kwa nini hukuja? Kutoka hapa kwako mpaka kwangu ni nyumba kumi na moja! Unakaa kizingitini unaota jua!"

Nilidhani atanifukuza. Akakaa kwenye benchi.

"Nilikuja," akasema. "Si kwako. Mwezi wangu wa kwanza hapa niliingia kwa mama mmoja wa mstari wa juu, amejifungua pacha. Sikujua habari za siku zenu. Nilipotoka, hakuna aliyeniuzia maziwa. Bombani nikifika wanasogeza ndoo. Jumanne mbili nilikaa na mzani wangu, hakuja mtoto hata mmoja. Nikaenda kwa mwenyekiti, nikamuuliza nimekosa nini. Akaniambia, usitembelee tena nyumba za wazazi, kaa ofisini, waje wenyewe."

"Mwenyekiti?"

"Mwenyekiti."

"Huyo huyo aliyekuja kunipigia kelele?"

"Huyo huyo anayeniuliza kila wiki kwa nini daftari halijai."

Nilicheka, nikashika titi kwa maumivu ya kucheka. Yaani mtu mmoja alikaa katikati yetu, huku anamwambia nesi usiende, huku ananiambia mimi njoo, na sisi wote wawili tukamwona yule mwingine ndiye mbaya.

Lakini sikumwachia nesi hivi hivi. Nikamwambia, "Desturi imekukataza kuingia. Nani alikukataza kusimama nje? Nyumba yangu ni fito tupu, mwenyekiti alisema yake kutoka uani na nilisikia mpaka pumzi. Ungesimama pale ukaniuliza: mtoto ananyonya? Titi linauma? Una homa? Mama mkwe angekujibu kwa matusi, mimi ningekujibu ukweli."

"Mimi nilifundishwa kupima na kuandika," akasema. "Sikufundishwa kupiga kelele kwenye ua wa mtu."

"Na mimi sikufundishwa kitu chochote."

Alikuwa na haki yake pia, naiona sasa. Alikuwa peke yake, mbali na kwao, hana maziwa ya chai. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa na titi linaloungua, haki ya mtu mwingine haikuwa mzigo wangu.

Kesho yake tulipanda basi la Haydom, mimi na mtoto na mume wangu. Abiria wote walijua habari yetu, siti za mbele na nyuma yetu zikabaki wazi huku watu wamesimama. Hospitalini walilipasua. Nilikaa huko mpaka kidonda kikaanza kufunga, na kila asubuhi muuguzi wa zamu alikaa kwenye ukingo wa kitanda akanitazama nikinyonyesha la kulia. Hakuhubiri. Alitazama, akasahihisha mkono, akaenda kitanda kingine. Mume wangu naye alifundishwa. Muuguzi alimwambia, "Baba, sema: titi." Akasema kwa sauti ya chini. "Sema ili mtu wa mlangoni asikie." Akasema. Wodi nzima ikacheka, yeye akatoka jasho. Kama angefundishwa hivyo kabla sijajifungua, nisingekuwa na haja ya kuandika haya.

La kushoto halikutoa maziwa tena. Si kwa mtoto yule, si kwa waliofuata. Wote nimewalea kwa la kulia.

Tuliporudi kijijini nilikuta zahanati tupu. Mimi niliingia kwa nesi na siku zangu, kwa hiyo nesi naye alikuwa na mkosi, na mzani wake, na benchi lake. Maziwa ya chai akakosa tena. Mama mkwe hakumshika mtoto mpaka siku zote zilipoisha, akanihudumia kwa kunisukumia bakuli kwa mguu. Nikahesabu siku zilizobaki za ndani, zikaisha, nikanyolewa nywele kama desturi, nikatoka.

Nikiwa mstarini na ndoo yangu, miezi kadhaa baadaye, nikamsikia nesi. Alikuwa amesimama nje ya ua wa yule mwenye ndama wa juzi, ambaye sasa naye amejifungua. Sweta, kilemba, mikono nyuma, futi tano kutoka mlangoni, hakugusa hata mti wa ua.

"Mama mtoto, hodi ya nje! Siingii!"

"Ehee, nesi!"

"Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya!"

"Titi linauma?"

Sauti ndogo ikajibu: "La kulia."

"Lina moto?"

"Kidogo."

"Mgeuze tumbo kwa tumbo! Kanda na kitambaa cha moto! Nitapita kesho! Na umelala?"

Walioko bombani walisikia yote. Hakuna aliyekufa kwa aibu. Hakuna ndama aliyekufa. Akapita mstari mzima hivyo, kila nyumba ya mzazi, kila siku, na kina mama wakamjibu, kwa sababu hawakuombwa kuvunja kitu chochote. Siku zao zilipoisha walimletea watoto wenyewe, Jumanne, bila kutishwa. Nilipita na ndoo yangu. Hakuniona, au aliniona akaona haya. Sikumsalimia. Kile nilichomwambia kwa hasira kwenye benchi lake amekifanya, vizuri, lakini titi langu lilikuwa limeshapasuliwa.

Wakubwa wa wilaya wakaja. Mkutano ulifanyika mbele ya zahanati, sisi kina mama tumekaa chini na watoto, mwenyekiti amesimama na karatasi. Akasoma kwamba katika kijiji chake, kwa ubunifu wa uongozi, ameanzisha mpango wa nesi kutembelea wazazi bila kuvunja mila. Wakubwa wakaandika. Nesi alikuwa nyuma yao, anatazama chini, mikono ndani ya sweta. Nilimngoja aseme, hakusema.

"Na yupo mama hapa," mwenyekiti akaendelea, akinielekezea kidole, "aliyeokolewa na mpango huu. Mama mtoto, simama wageni wakuone."

Watu wakageuka. Mama mkwe akanigusa kiwiko, simama. Mume wangu upande wa wanaume akanifanyia ishara, simama.

"Mama mtoto!"

"Nimekusikia, Ndugu Mwenyekiti," nikasema. "Mtoto ananyonya."

Nikabaki nimekaa, na wakangoja mpaka akashiba.